Mataruma

Kadi niliinunua Ngara, kwa Gathungu wa vitabu vikuukuu,
kati ya kamusi iliyochanika herufi A
na picha za harusi za watu wasiojulikana.
Alitaka mia tatu. Nikampa mia na hamsini
na karai dogo nililolifua mwenyewe.

Picha ina rangi ya chai iliyomwagika:
karakana ya manowari, Kilindini,
meli imepandishwa chelezoni, tumbo nje,
imeegemea magogo kama mgonjwa anayesubiri daktari.
Mbele yake wazungu watano, kaptula nyeupe.
Ukiwatazama waweza kuhesabu vifungo.

Nyuma, kwa wino uliofifia,
mtu anamwandikia mamaye:
joto ni jingi, mananasi ni matamu,
meli itakuwa tayari Ijumaa.
Nisalimie Bruno.
Bruno, nadhani, ni mbwa.
Mbwa ana jina kwenye kadi hii.

Babu yangu Nyamawi alifanya kazi pale
miaka mitatu ya vita.
Alikuwa mdaka ribiti:
mwenzake anaichomoa motoni, nyekundu kama pilipili,
anairusha hewani,
naye anaidaka kwa ndoo, anaichomeka tunduni kwa koleo
kabla haijausahau moto.
Mia nne kwa siku, alisema,
na ukiikosa moja, aliye chini yako ndiye atakayeipata.
Ndani ya tumbo lile la chuma nyundo zilipiga, zikapiga,
hadi masikio yake yakaamua kubaki huko.

Vita vilipokwisha manowari zikaenda zao, hazikuaga.
Akapanda gari moshi kuja Nairobi,
mji ambao mto wake haumfiki bata magotini,
akaajiriwa relini, akapewa chumba Muthurwa.
"Nimetoka mataruma, nimeingia mataruma," alikuwa akitania,
maana mbavu za meli na magogo yanayolaza reli
Kiswahili kimeyapa jina moja,
naye aliyabeba yote
kwa bega lile lile la kushoto.

Bibi Mbodze alimwambia mambo kiganjani, kwa kidole:
chumvi. kodi. mtoto anaumwa.
Treni ya usiku aliijua kwa nyayo.
Alivua viatu kuisikiliza.

Basi nikamtafuta.
Hirji, fundi saa wa River Road,
akaniazima kile kioo anachokibana jichoni.
Nikaipitia meli bamba kwa bamba,
na juu ya jukwaa la mbao, nyuma ya zile kaptula,
nikaona ukungu,
mikwaruzo ya kijivu kumi na kitu.
Nikadhani kadi imeingia unyevu.
"Si unyevu," Hirji akasema, hata hakuinua kichwa.
"Ni watu. Kamera za zamani zilitaka utulie.
Hawa hawakutulia."

Waliosimama wana vifungo.
Waliokuwa kazini ni moshi.

Kuna moshi mmoja umeinua mkono,
na kwenye ncha ya mkono kitone cheupe.
Huenda ni ndoo. Huenda ni gundi ya stempu iliyovuja.
Siapi.

Kadi nimeibandika Kamukunji, ukutani, juu ya fuawe,
ninapofua masanduku ya watoto wa bweni
kwa bati la mapipa
yaliyofika nchini ndani ya tumbo la meli nyingine.
Vumbi limeshaanza kuwala wazungu, kuanzia viatu.

Jana alikuja kijana na simu kubwa, anapiga picha mafundi.
"Fundi, simama kidogo! Tulia, nitazame hapa!"
Nilimsikia.
Sikio la kulia bado linasikia.
Nikainua nyundo.